Tumepata njia mpya nyuma ya kifusi: tuifuate kwanza au tupime kwanza?

Taa_ya_Akiba aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wale mliozoea kuchora ramani za mapango.

Klabu yetu ni changa na wengi wetu bado tunajifunza. Pango tunaloingia mara kwa mara linajulikana tangu zamani. Lina njia kuu moja, nayo huishia kwenye kifusi cha mawe yaliyoporomoka kutoka darini. Kila mtu alikuwa akiamini hapo ndipo mwisho. Juzi mwenzetu mmoja akahisi upepo ukipita kati ya mawe, tena upepo wa kutosha kupeperusha uzi ukiuning'iniza mbele ya upenyo. Tukaondoa mawe madogo moja moja, tukapenya kwa tumbo, na upande wa pili tukakuta njia inaendelea. Sakafu ni tope laini lisilo na alama hata moja ya mguu. Kando yake kuna chumba ambacho dari imejaa stalaktiti, yaani vijiti vya mawe vinavyoning'inia, nyembamba zenye uwazi ndani, nyeupe pe, nyingine ndefu kuliko mkono wangu. Mbele giza, na maji yanasikika kwa mbali. Tulisimama hapo hapo, tukageuka.

Tangu siku hiyo klabuni hatuelewani. Kundi moja linataka safari ijayo twende hadi mwisho tujue tumepata nini, ramani itafuata. Kundi la pili, na mimi nimo, linataka tusisogee bila kupima. Wenzetu wanatujibu kwamba hatuna vifaa vya maana, na ni kweli kwamba tulicho nacho ni dira ya kushika mkononi, futikamba ya mita 30 na klinomita moja (kipimo cha mwinuko) basi. Wanasema kwa hivyo tutachora picha ya watoto, heri tusubiri mpaka tupate kipimo cha leza.

Nauliza: ramani ya kutegemewa inaweza kutoka kwa vifaa hivi? Kazi tugawaneje? Kile chumba cheupe tukifanyeje kisiharibike? Halafu mwenyekiti anataka kutangaza picha na mahali pango lilipo ili tupate wanachama wapya. Roho yangu inasita. Mnasemaje?

Dira_na_Penseli alijibu:

Mkuu, hongereni sana, na hongera ya pili kwa kugeuka pale mlipogeuka.

Mimi ndiye mchora ramani wa klabu yetu na hakuna kazi ya chini ya ardhi ninayoipenda kuliko hiyo, kwa hiyo sitauma maneno. Pimeni mnapokwenda. Njia mpya ipimwe na wale wale wanaoigundua, siku ile ile wanapoiona kwa mara ya kwanza, na safari iishie pale vipimo vilipoishia, hata kama mbele pana uwazi unaowaita kwa jina.

Tuanze na hilo tope. Mkienda kwanza "kuangalia tu", mtapita mkienda na mtapita mkirudi, kila mtu kwa haraka zake na kwa ubavu wake wa njia. Mkirudi kupima mtapita tena mara mbili. Pangoni hakuna mvua wala upepo wa kufuta nyayo. Kule Pech Merle, Ufaransa, nyayo za binadamu wa zama za mawe bado zinaonekana kwenye sakafu. Basi na nyayo zenu zitakaa. Anayepima huenda polepole, husimama, hutazama aweke mguu wapi, na wenzake wote humfuata kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo kupima kwenyewe ni ulinzi tayari, kabla hata hujafika kwenye mambo ya kuweka utepe.

Halafu kuna jambo ambalo wenye haraka hawaliamini mpaka wameliona. Watu wakishafika mwisho wa njia, hamu ya kupima hufa. Nalijua pango ambalo wa kwanza kuingia walilikimbia lote, wakatoka na hadithi tamu na mchoro wa kukumbuka kichwani. Leo anayetaka kuendeleza kazi yao anasoma "pita chumba kikubwa, kata kushoto", na vyumba vikubwa viko vitatu. Hakuna anayejua njia ile ni ipi. Watu hao walikuwa hodari na walijitolea kwelikweli, lakini kazi yao imepotea, na inaniuma kila nikiifikiria.

Tena ramani ndiyo inayokuambia utafute wapi. Chukua mfano wa Mammoth Cave kule Kentucky, Marekani. Mwaka 1842 Stephen Bishop, mtumwa aliyekuwa akiongoza wageni pangoni, alichora ramani yake kwa kumbukumbu tu, na ramani hiyo ilitumika kwa miaka mingi. Baadaye wapimaji wa Cave Research Foundation, shirika lililoanzishwa 1957, walikaa miaka wakipima njia zilizo chini ya Flint Ridge, kilima cha jirani. Mtandao ule ulihesabiwa kuwa pango lingine kabisa. Wakiweka vipimo kwenye karatasi waliona baadhi ya njia zinapita chini ya bonde na kuelekea Mammoth. Mwezi Septemba 1972 kikosi kimoja kilifuata njia ya chini yenye maji, dari ikishuka hadi karibu na uso wa maji, kisha nafasi ikafunguka na taa ya kiongozi ikaangukia chuma cha kushikilia mkono kando ya njia ya watalii. Walikuwa wametokea ndani ya Mammoth Cave. Leo mfumo huo umepimwa zaidi ya kilomita 680 na ndio mrefu kuliko yote inayojulikana duniani. Wale watu hawakuotea, namba zao ndizo zilizowapeleka pale.

Sasa vifaa. Msidharau mlicho nacho. Kilomita za mwanzo za Lechuguilla, lile pango la New Mexico lililofunguka mwaka 1986 baada ya wapenzi wa mapango kuchimba kifusi wakifuata upepo kama ninyi, zilipimwa kwa dira, futikamba na klinomita. Sasa zilizopimwa zimezidi kilomita 240. Kipimo cha leza ni kizuri, nakitumia na nakisifu. Kile kinachoitwa DistoX, alichokibuni Mswisi Beat Heeb, kinakupa umbali, uelekeo na mwinuko kwa kubonyeza mara moja na kuvirusha kwenye simu. Lakini kinahitaji kusawazishwa kwa uangalifu, na kisiposawazishwa vizuri kinakosea kwa namba zenye desimali nyingi ambazo mtu anaziamini. Na hakichori. Kuchora ni jicho lako na penseli.

Makosa mnayoyaogopa yanahesabika. Dira ikikosea nyuzi moja kwenye kipande cha mita 30, mwisho wa kipande unahama kama nusu mita. Makosa ya namna hiyo huenda huku na huku, kwa hiyo kwa kiasi fulani yanafutana. Yasiyofutana ni yale yanayovuta upande mmoja siku zote, na mara nyingi chanzo chake umekivaa. Betri ya taa ya kichwani, bizimu ya mkanda, vishikizo vya chuma vya kamba, hata fremu ya miwani. Kabla ya kuingia, simama nje, tulia na dira mkononi, mwenzako asogeze karibu kila kitu unachobeba, kimoja kimoja. Kitakachotikisa sindano kisikaribie dira. Mimi huvua kofia ngumu kabisa ninaposoma na kumulika dira kwa taa ndogo kutoka pembeni.

Kila kipande kisomwe mara mbili, mbele na nyuma. Ukitoka kituo cha kwanza kwenda cha pili umepata nyuzi 214, basi ukisimama cha pili ukitazama cha kwanza upate 34. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi mbili, someni upya kabla hamjasogea. Waingereza wana madaraja yao ya ubora wa vipimo, na daraja la 5, ambalo ndilo klabu nyingi hulenga, linataka pembe ziwe sahihi kwa nyuzi moja na umbali kwa sentimita 10. Kwa vifaa vyenu na subira mtalifikia.

Kazi gawaneni watu watatu, wanne mkizidi. Wa mbele anashika ncha ya futikamba na ndiye anayechagua kituo, yaani nukta kwenye mwamba inayoonekana kutoka nyuma na itakayoona mbele. Achague nukta ambayo kichwa cha mtu kinaweza kufika. Nimeona watu wakichagua pembe nzuri ya mwamba ambayo msomaji wa dira lazima ajipinde chini ya jiwe ili aifikie, na mtu aliyejipinda hasomi vizuri. Wa pili anasoma vyombo. Wa tatu ndiye mchoraji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi huharibikia.

Mchoraji ndiye bosi wa mwendo. Hakuna anayesogea mpaka yeye aseme "twende". Msomaji anaita namba moja moja: "Mbili, moja, nne." Mchoraji anaandika kisha anairudia kwa sauti: "Mbili, moja, nne." Msomaji anajibu "sawa" au anasahihisha. Inachosha kusikiliza, najua, lakini kwenye mwangwi na kelele ya maji "sita" na "saba" hazitofautiani kirahisi. Kwenye kila kituo aandike pia umbali wa ukuta wa kushoto, wa kulia, dari na sakafu. Kisha achore kwa skeli, si kwa kukisia. Sisi tunatumia 1 kwa 200 kwenye njia nyembamba. Anahitaji mchoro wa kutazama kutoka juu, mchoro wa ubavuni unaoonyesha miinuko na mashimo, na mikato ya njia kila inapobadilika umbo. Karatasi isiyoingia maji, na penseli, kwa sababu wino huvuja ukilowa. Tarehe iandikwe kila ukurasa, maana kaskazini ya dira huhama mwaka hadi mwaka, na asiyejua lini ulipima hawezi kuisahihisha.

Mkipata nafasi ya kufunga kitanzi, yaani njia inayozunguka na kurudi kwenye kituo cha zamani, kifungeni hata kama hakuna kipya cha kuona huko. Kitanzi ndicho kinachowaambia ukweli kuhusu kazi yenu. Programu ya Survex, ambayo ni ya bure, itawaonyesha mmepishana mita ngapi na itasambaza kosa hilo kwenye vituo. Therion itawasaidia kuchora ramani yenyewe juu ya vipimo hivyo. Ingizeni namba jioni ile ile, wakati mchoraji bado anakumbuka ile duara kwenye kona ilikuwa jiwe au shimo. Na zile karatasi zenye tope msizitupe baada ya kuzinakili.

Kuhusu chumba cheupe: msiingie. Simameni mlangoni, mpige leza mkiazima au mkadirie upana, mchoraji achore kutoka hapo, inatosha. Stalaktiti kwa kawaida huongezeka kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, na zile nyembamba za mrija zinavunjika kwa kuguswa na kofia. Hata kuzigusa bila kuzivunja kuna madhara, kwani mafuta ya kidole huzuia madini kushika tena pale. Wekeni utepe wa rangi kali pande zote mbili za njia kuu tangu mlipotokea kwenye kifusi, njia iwe nyembamba, upana wa mtu mmoja. Lechuguilla wanafanya hivyo, na sehemu nyingine hata viatu wanabadili ili wasiingize tope.

La mwenyekiti: hapana. Mwaka 1974 vijana wawili, Gary Tenen na Randy Tufts, waligundua pango Arizona, wakafunga midomo yao. Walipowaambia wenye ardhi, nao wakafunga yao. Habari zikatoka 1988 jimbo lilipolinunua, na wageni wakaanza kuingia 1999, kupitia milango iliyojengwa ili unyevu usitoroke. Ndilo Kartchner Caverns. Lascaux, pango la Ufaransa lenye michoro ya kale, ni kinyume chake: michoro iligunduliwa 1940, watu wakafunguliwa milango 1948, na kufikia 1963 ikabidi ifungwe kwa sababu pumzi za wageni na mwanga wa taa vilikuwa vimeanza kuozesha kuta. Wanachama wapya watakuja kwa picha zisizotaja mahali.

Mwenye ardhi anajua mlichokipata? Hukusema.

Rafiki_wa_Popo alijibu:

Nakubaliana na Dira neno kwa neno, niongeze la upepo, maana limenishtua kidogo.

Mkuu Taa, upepo ule uliowaonyesha njia ndio unaolilinda pango. Kifusi kilikuwa kinapunguza hewa inayopita, na huko nyuma unyevu umetulia kwa muda mrefu sana. Mkiacha upenyo wazi, chumba chenu kinaweza kuanza kukauka, na mirija ile ikapoteza mng'ao na kuacha kukua. Klabu nyingi zikitoboa hivi huziba tena baada ya kila safari, kwa mfuko wa mchanga au kwa kijilango kidogo kinachofungwa. Lakini kama popo wanapita hapo, mlango uwe na nafasi za mlalo za kuwapitisha. Angalieni kwanza: kuna kinyesi chini? Kuna madoa meusi ya mafuta darini?

Mkikuta kundi la popo wanaonyonyesha, au huko kwenye mapango ya baridi wakiwa wamelala usingizi wa majira ya baridi, ondokeni, mje msimu mwingine. Popo anayeamshwa katikati ya usingizi ule huchoma mafuta aliyoyaweka akiba na huenda asiifikie siku ya kupata wadudu tena. Ndivyo ugonjwa wa pua nyeupe unavyoua. Ni ukungu, ulionekana kwa mara ya kwanza Marekani, jimbo la New York, mwaka 2006, na umeshaua popo kwa mamilioni. Hubebwa na popo wenyewe, lakini pia na buti na kamba zetu. Mavazi ya pango moja yasiingie pango lingine kabla ya kuoshwa. Yale yanayostahimili joto yazamishwe kwenye maji ya nyuzi 55 kwa dakika 20.

Na afya zenu. Vumbi la kinyesi cha popo lina ukungu unaoleta histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu. Sehemu kavu yenye kinyesi kingi msipite bila barakoa nzuri. Kwa wanaokutana na popo wakubwa wala matunda wa jamii ya Rousettus tahadhari ni kubwa zaidi, kwani ndio wabebaji wa virusi vya Marburg. Wagonjwa wa 1980 na 1987 nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia kwenye pango la popo hao magharibi mwa Uganda. Pango la namna hiyo haliingiwi kwa mapenzi ya mapango. Waachieni watafiti wenye mavazi kamili.

Mwisho, mtakapofika kwenye maji, mtazame kabla ya kukanyaga. Kwenye vidimbwi vya chini kuna viumbe wadogo wasio na macho wala rangi, na wengine hawaishi popote pengine duniani. Mchoraji aweke alama kwenye ramani kila kidimbwi chenye uhai. Sisi wa viumbe tunaishi kwa ramani zenu.

Fundo_la_Nane alijibu:

Nitakuwa mfupi. Mmesema kifusi, na mmeondoa mawe. Kila jiwe pale linashikilia jingine. Kabla hamjarudi, mtu anayejua akague upenyo ule, na asipite wa pili mpaka wa kwanza awe ametoka kabisa. Wote mkiwa ng'ambo na jiwe likateremka, hakuna wa kwenda kuita msaada. Mmoja abaki upande wa mlangoni.

Kila mtu awe na taa tatu zinazojitegemea. Nje aachwe mtu anayejua mmeingia pango gani, njia gani, na saa ngapi aanze kuwatafuta. Mmesikia maji, kwa hiyo utabiri wa mvua usomwe wa eneo zima linalomimina maji kuelekea pango, si wa pale mlangoni tu.

Kuhusu mabishano yenu, mkumbuke Tham Luang, Thailand, Juni 2018. Watoto 12 na kocha wao walifungiwa na mafuriko. Pango lile lilikuwa limeshapimwa na wapenzi wa mapango miaka ya nyuma, na kulikuwa na mtu aliyelijua kwa miguu yake, kwa hiyo waokoaji walijua njia inakwenda wapi na sehemu zipi ni za juu zinazoweza kubaki kavu. Tarehe 2 Julai wazamiaji wawili Waingereza waliwakuta wakiwa hai, na kufikia tarehe 10 wote 13 walikuwa nje. Sasa fikirini mwenzenu amevunjika mguu nyuma ya kifusi chenu na mwokoaji anauliza: umbali gani? pana upana wa machela? kuna shimo? Bila ramani mtamjibu nini?

Taa_ya_Akiba aliandika:

Wakuu, nimewasomea wenzangu haya yote kwenye kikao na mjadala umegeuka. La Fundo ndilo lililowanyamazisha waliokuwa na haraka. Mwenye ardhi anajua kuhusu ziara zetu, ila habari za njia mpya tutampelekea wiki hii, na mwenyekiti amekubali kusubiri neno lake. Popo hatukuona nyuma ya kifusi, na hakuna kinyesi. Upenyo tutauziba kwa mifuko ya mchanga.

Limebaki moja. Tuna wanachama wapya wengi ambao hatuwezi kuwapeleka huko ndani, na hawataki kukaa nje wakisubiri habari. Njia ya zamani, ile kabla ya kifusi, ina taka, betri zilizovuja, na majina yaliyoandikwa ukutani kwa rangi na kwa moshi. Wanaweza kuanzia hapo?

Dira_na_Penseli alijibu:

Huko ndiko klabu yote inapopaswa kuanzia, mkuu, wapya kwa wazoefu. Vipimo vya njia mpya havina maana vikielea hewani, lazima viungane na mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kupita kifusi tena, pimeni kutoka mlangoni hadi kwenye upenyo. Wapya watajifunzia kusoma dira mahali ambapo sakafu imeshakanyagwa na hakuna cha kuvunja, na ninyi mtaona ni nani ana mkono wa kuchora. Usishangae akiwa mtu ambaye hana nguvu za kupanda. Mchoraji bora ninayemjua huchoka haraka kwenye kamba, na ukimpa karatasi hatoki kwenye kona mpaka ameielewa.

Siku ya usafi ifanyeni kwa kutumia mchoro huo huo. Kabla ya kuokota, tieni alama kwenye ramani pale taka zilipo. Mtagundua zinafuata maji, na hapo mtajua nyingine zimeingizwa na mafuriko kutoka nje, si na watalii. Taka za namna hiyo zinazuiwa juu, kwenye shimo au korongo linaloyapokea maji. Na ni jambo la kuzungumza na mwenye ardhi kwa heshima, maana kwenye mwamba wa chokaa maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na udongo, yakatokea kwenye chemchemi ya mtu yakiwa na kila kilichotupwa juu. Betri zilizovuja zishikwe kwa glavu, ziwekwe kwenye chombo kigumu cha plastiki, na tope lililogeuka rangi chini yake litoke pia.

Maandishi ya ukutani msiyaguse kwanza. Pigeni picha yote, muyatie kwenye ramani, mtafute tarehe. Rangi ya kopo ya miaka ya karibuni iondolewe kwa brashi ya nailoni na maji ya humo humo pangoni, bila sabuni wala asidi, na maji machafu mkayanyonye kwa sponji, yasitiririke kwenye kidimbwi. Brashi ya waya hapana, inachana mwamba. Ila yale ya moshi yaacheni mpaka mpate mtu wa historia ayatazame. Mammoth Cave ina majina ya karne ya 19 yaliyoandikwa kwa moshi wa mishumaa, na leo ndiyo yanayowasaidia watafiti kujua nani alifika wapi na lini. Chini ya jina la juzi huweza kuwepo alama ya kale zaidi, na brashi haichagui.

Mkimaliza kipande cha mlangoni hadi kifusini, nitumieni namba niwapitishie kwenye Survex. Andikeni mstari mmoja kwa kila kipande, kwa mpangilio huu: kituo cha kutoka, kituo cha kwenda, umbali, dira mbele, dira nyuma, mwinuko mbele, mwinuko nyuma. Mwinuko wa kushuka uwe na alama ya kutoa. Juu kabisa wekeni tarehe na vyombo mlivyotumia. Picha za kurasa za mchoraji ziambatane, na mumwambie asizifute wala kuzinakili upya kwa kuona haya. Nazitaka na tope lake.